Mzee Barakoa Aulizwa Saro

Mlango wa ghala ukafunguka!

Ndiyo, ni pale pale nilipowaacha wiki iliyopita, na najua mmenisema vibaya. Msomaji mmoja wa Sirari kanitumia ujumbe wa sauti huku anahema: "Mwandishi una roho mbaya! Unamwachaje binti wa watu na ndevu za masizi, halafu wewe unaenda kula ugali wako?" Nisamehe, ndugu yangu. Ugali nilikula, lakini haukushuka vizuri.

Wewe uliyechelewa kununua gazeti, sikiliza haraka. Boke, binti wa Mzee Waitara wa Nyanungu, yuko mwaka wa pili chuo cha ualimu, ila korona imefunga vyuo na kumrudisha nyumbani. Alipochoka kupukuchua mahindi, akavaa koti na kofia ya marehemu babu yake, akajipaka ndevu za masizi na jivu, akafunga barakoa, na kujirekodi kwa simu akifoka kama mzee wa Kikurya aliyegombana na korona. "Kaa mbali nami, mura," yaani jamaa, "lakini salamu ilete!" Video zikasambaa kuliko ugonjwa wenyewe. Vijana wakatengeneza stika. Wazee wakaanza kumnukuu kwenye vikao. Hakuna aliyejua Mzee Barakoa ni nani, na shabiki wake mkubwa kuliko wote alikuwa Mzee Waitara mwenyewe.

Sasa Mzee Waitara kapata mchumba wa kumwoza Boke, tajiri wa ng'ombe wa Machochwe aitwaye Mogesi, aliyeletwa na Tomaso, dalali wa mnadani. Mikusanyiko imekatazwa, hivyo mahari itazungumzwa kwa video. Msemaji wa upande wa binti ni lazima awe mzee mwenye ulimi. Mzee Waitara akamsaka nani? Akaipigia ile namba ya kwenye ukurasa wa Mzee Barakoa, asijue ni laini ya pili ya binti yake, akamsihi amsemee. Boke, kwa sauti ya babu, akajitambulisha kuwa mzee wa Gorong'a, akakubali!

Kwa hiyo alikuwa ghalani, ndevu zimekaa, barakoa imefungwa, simu iko mkononi. Ndipo mlango ukafunguka.

Aliyeingia alikuwa mama yake, na ungo wa maharage.

Mama aliliona koti, akaiona na kofia. Ungo ukaanguka, maharage yakatawanyika hadi chini ya kuku aliyekuwa akiatamia mayai kwenye kona. Mama akageuka haraka, akajifunika uso kwa khanga. "Nisamehe, baba mkwe! Sikujua kama umo humu!" Akatoka nje mbio.

Msimcheke. Kwa Wakurya mke wa mtoto na baba mkwe hawatazamani ovyo, na mama huyu alikuwa amelikimbia koti lile tangu siku aliyoolewa. Miguu ilikumbuka adabu kabla kichwa hakijakumbuka jambo jingine.

Kule nje nyayo zikasimama. Kisha ikasikika sauti ndogo: "Lakini yule mzee si tulimzika?"

Mlango ukafunguka tena, taratibu.

"Mama, ni mimi."

"Wewe nani?"

"Boke."

"Boke gani mwenye ndevu?"

Boke akashusha barakoa. Mama akamtazama juu mpaka chini, akashika kiuno.

"Ina maana wewe ndiye Mzee Barakoa? Yule aliyesema wanaume nao wabebe maji?"

"Ndiye mimi, mama."

"Na mimi nilimwombea kanisani! Nikamshukuru Mungu kwamba bado kuna wazee wenye akili!"

Simu ikaanza kuita. Kwenye kioo likaandikwa jina: Tata, yaani baba. Boke akamshika mama mikono. "Mama, wanasema vyuo viko karibu kufunguliwa. Nikiolewa na huyo mtu sirudi tena chuo. Niache niongee nao, niiharibu hii posa."

Mama akaokota ungo wake. Alitazama maharage pale chini. "Mimi nilitaka unesi," alisema. "Wakaja ng'ombe."

Halafu akafunga mlango kwa komeo, akanyoosha mkono. "Haya. Hiyo simu naishika vipi?"

Iko shida moja ambayo lazima niwaambie mapema. Mama Boke alikuwa mgeni kabisa wa simu za kupapasa. Kwake yeye simu ikilazwa kifudifudi imezimwa, yameisha. Likumbukeni hilo.

Boke akavuta barakoa juu, ndevu zikachungulia chini yake, akabonyeza.

"Mzee Barakoa!" Uso wa Mzee Waitara ulijaa kioo chote, pua mbele. Alikuwa amekaa upande wa pili wa nyumba hiyo hiyo, uani, na Tomaso dalali pembeni yake. "Unanipata, mura?"

"Nakupata, Waitara! Sogea nyuma, usinipumulie!"

Mzee Waitara akacheka hadi akakohoa. Tomaso akaruka pembeni kama alivyofundishwa na video za Mzee Barakoa.

Kioo kikagawanyika, akatokea mchumba. Mogesi alikuwa amesimama mbele ya zizi la Machochwe, shati jeupe, uso laini usio na hata kunyanzi moja, macho yanang'aa. Tomaso akajipigapiga kifua. "Mnamwona? Nilisema ni kijana mbichi!"

Mama Boke akanong'ona nyuma ya simu, "Mbona mzuri hivyo?"

"Mama, nyamaza."

Boke akaingia kazini. Mpango wake ulikuwa rahisi: adai mambo makubwa mpaka mchumba akimbie mwenyewe.

"Mogesi! Binti yetu yuko chuo. Sharti la kwanza, asome mpaka amalize!"

"Amalize!" Mogesi akajibu kabla hajavuta pumzi. "Nitamnunulia simu kubwa, asomee hapa hapa zizini kwangu. Si siku hizi mambo yote ni kwa simu?"

"Umesikia hiyo?" Mzee Waitara akapiga goti lake. "Huyu mtu ana moyo!"

Boke hakukata tamaa. Akapandisha dau.

"Sharti la pili. Tunataka Radi."

Tomaso akashika kichwa. Radi ni dume jeusi la Mogesi, lenye pembe zilizofungana kama mikono ya mtu anayeomba. Mnadani wote wanajua kwamba Mogesi amekataa kuliuza hata alipokuwa na mgonjwa hospitali. Kumwomba Radi ni kumtukana.

Mogesi akakunja mikono kifuani. Boke akaanza kufurahi ndani ya barakoa.

"Chukueni," Mogesi akasema.

"Nini?"

"Chukueni Radi! Mtu akipata mke msomi atalia na ng'ombe?"

Mzee Waitara alisimama, akacheza pale pale uani, mabega juu mabega chini. "Mzee Barakoa, wewe ni chuma! Mimi mwenyewe nisingethubutu kulitaja lile dume! Mura, tufunge mazungumzo!"

Ebu fikiria balaa hilo. Binti kajiuza mwenyewe, tena kwa bei ya juu!

Mama Boke nusura aiangushe simu, picha ikayumba. Kuku kule kwenye kona akaona mambo yamezidi, akatoa mlio mkali wa kuku anayetaka kuhama.

Mzee Waitara akaacha kucheza. Alikuwa ameusikia mlio kwenye simu, na ameusikia pia nyuma ya nyumba yake.

"Mzee Barakoa, na wewe huko Gorong'a una kuku?"

"Nani hana kuku, Waitara? Unataka nifuge chui?"

Waitara akacheka tena, akakaa. Mtu akikupenda utapona na mengi.

"Ngojeni niwaoneshe Radi!" Mogesi akasema. Akamgeukia mchungaji, akapaza sauti, akanyoosha shingo upande.

Hapo ndipo Boke alipoona.

Uso wa Mogesi ulipogeuka, ule ulaini ukachelewa. Ulibaki hewani kidogo, kama khanga iliyonasa kwenye mwiba, halafu ukamrukia tena. Katikati ya kuchelewa huko palionekana shavu lenye mikunjo, mvi masikioni na pengo. Radi alipopita mbele ya simu, ulaini ukamvaa yeye: dume la Machochwe likaangalia kamera likiwa na ngozi ya bibi harusi na kope ndefu.

Filta! Ule ufundi wa simu wa kumpaka mtu ujana. Boke aliishi humo tangu korona ianze. Asingeukosa hata gizani. Huyu kijana mbichi alikuwa mzee wa umri wa baba yake!

"Waitara!" akafoka. "Huo uso si wake!"

"Uko wapi sasa? Mbona ninauona hapo hapo shingoni?"

"Ni wa simu! Simu imempaka!"

Mzee Waitara akaipangusa simu yake kwa mkono wa shati, akaangalia tena. "Mimi naona mtu safi. Mzee Barakoa, usituharibie. Tomaso ameniapia huyu ni saro ya juzi tu, wale wa Wiliam mtoto wangu mkubwa."

Saro! Hapo Boke akaiona njia.

Kwa wasomaji wangu wa mbali: saro ni wale waliotahiriwa msimu mmoja. Mwanaume wa Kikurya anaweza kudanganya umri, akadanganya idadi ya ng'ombe, akadanganya hata jina mbele ya polisi. Lakini ukiitukana saro yake, mdomo unamjibia bila ruhusa. Na jambo lingine: binti wa mwana saro mwenzako ni binti yako. Humwoi, hata ulete ng'ombe wa Serengeti nzima.

Boke akakohoa kidogo, akaegemea fimbo.

"Sawa, Waitara. Tufunge. Na mimi nafurahi sana kwamba huyu ni wa juzi, kwa sababu saro za zamani zilituaibisha."

"Saro gani?" Waitara akauliza, bado anatabasamu.

"Si ile ya Vita? Wale waliotahiriwa mwaka wa vita vya Kagera. Nimeambiwa walilia! Walipiga kelele mpaka wanajeshi wakadhani adui ameshavuka mpaka!"

"MWONGO!"

Neno lilitoka mara moja, kwa sauti mbili. Moja uani Nyanungu, nyingine zizini Machochwe.

"Saro ya Vita haikulia!" Waitara alikuwa amesimama.

"Hakuna hata mmoja aliyepepesa jicho! Nilikuwepo mimi!" Mogesi alikuwa amefura, kidole kimeelekea kwenye kamera. "Nilikuwepo! Nani amekwambia..."

Akaziba mdomo kwa kiganja, lakini alikuwa amechelewa.

Tomaso dalali akaanza kutafuta ndala zake kwa mguu, bila kuinama.

"Mogesi," Mzee Waitara akasema polepole. "Kama ulikuwepo, nani alitangulia?"

Mogesi alibana midomo. Tuliona anajitahidi, maskini. Lakini hilo swali halibaniki. "Mwikwabe," likamtoka. "Mwikwabe wa Gorong'a. Na alikuwa anatabasamu."

"Na wa pili?"

"Wewe si ulikuwa wa pili? Ngoja... Waitara? Waitara yule wa kaptula ya kaka yake?"

"Mogesi! Mogesi Miguu! Si mlihama mkaenda Serengeti ukiwa bado una jeraha!"

"Weito! Mwenzetu!"

"Weito wangu!"

Wazee wawili wakaanza kulia na kucheka kwa pamoja, kila mmoja ameishika simu kwa mikono miwili. Mogesi akapapasa kioo chake, filta ikamtoka, akabaki na uso wake mwenyewe, wenye mikunjo yote na pengo lake. Kusema kweli ulikuwa uso mzuri zaidi kuliko ule wa kwanza.

"Nisamehe, weito. Tomaso aliniambia bila sura ya ujana sitapata mke mwenye cheti. Nilitaka kumwoa binti yangu! Nisamehe sana!"

"Tomaso!" Waitara akageuka. Kiti kilikuwa kitupu. Barabarani pikipiki iliwaka na kuondoka.

Ghalani, Boke na mama yake walikumbatiana bila kutoa sauti. Posa imekufa! Imekufa yenyewe, kwa mdomo wa mchumba! Boke alitaka kupiga vigelegele, akakumbuka kwamba ana ndevu.

Laiti hadithi ingeishia hapo ningekuwa mtu wa kupendwa.

"Ila Waitara," Mogesi akasema akijifuta machozi, "huyu msemaji wako ametutukana. Saro yetu walilia? Yeye ni saro gani?"

"Eeh!" Waitara akasogea karibu na kioo. "Kweli. Mzee Barakoa, wewe ni saro gani, mura?"

Boke akaikaza barakoa.

Boke alijua majina ya saro kama wengine wote. Lakini akitaja yoyote, swali litakalofuata ni nani alitangulia, na hilo mwanamke haambiwi. Kutaja ni kunaswa. Kukaa kimya pia ni kunaswa, kwa sababu mzee asiye na saro ni mzee wa namna gani?

Akafanya kile ambacho kila mtu wa mtandaoni hufanya akibanwa. Akaganda!

Mdomo wazi, jicho moja nusu, fimbo hewani. Hakupumua. Mama naye akaelewa, akaishika simu imara kama nguzo.

"Mzee Barakoa?" Waitara akagonga kioo. "Ameganda."

"Mtandao," Mogesi akasema. "Huko kwenu unachanganyika na wa Kenya."

"Ndiyo, mtandao. Tusubiri."

Walisubiri. Boke machozi yalianza kumlenga kwa kutopepesa. Mambo yalikuwa yanaelekea kuwa mazuri.

Ndipo kuku akashuka kutoka kwenye mayai, akanyoosha shingo, akapita taratibu mbele ya Mzee Barakoa aliyeganda. Akadonoa harage. Akaruka mapajani.

"Weito," Mogesi akasema, "picha imeganda, mbona kuku anatembea?"

Mzee Waitara akakunja uso. Alikuwa amesogeza simu mpaka puani. Alikuwa anamtazama kuku mwekundu asiye na mkia, yule aliyenyofolewa na mwewe mbele ya macho yake.

"Huyo kuku ni wangu," akasema.

Akainuka, akachukua fimbo. Ghalani walisikia hatua zikizunguka nyumba, zinakuja. Mama akataka kukimbia, lakini ghala lina mlango mmoja tu. Komeo la kamba likakatika kwa teke la kwanza.

Mzee Waitara akasimama mlangoni, fimbo mkononi, simu mkono wa pili. Akaliona koti la baba yake. Akamwona mke wake ameshika simu. Akaziona ndevu, na juu ya barakoa akayaona macho aliyoyajua tangu yalipofunguka mara ya kwanza.

"Waitara!" Mogesi akaita, sauti ikitoka kwenye simu zote mbili. "Umefika huko? Umemwona? Ni nani?"

Boke akamkumbatia kuku. Alikuwa anaogopa, acheni nilitamke wazi, anaogopa kweli kweli. Baba angetamka neno moja tu, kesho Mara yote ingecheka kwamba Waitara alisemewa na binti, tena kuhusu mahari ya binti huyo huyo. Wazee wamechoma simu kwa makosa madogo kuliko hilo. Na chuo? Nani angempeleka chuo binti wa namna hiyo?

Mzee Waitara akashusha fimbo. Akainua simu yake mdomoni.

"Nimemwona, Mogesi."

"Saro gani?"

"Ni wa kwetu." Akamtazama binti yake. "Ametoka kwenye saro yetu mimi na wewe. Usimtafute kwingine."

"Wa kwetu! Ndiyo maana ana mdomo! Basi Jumapili mje Machochwe, ninyi wote wawili! Naita saro nzima, tunamchinja Radi, na barakoa ataivua, tumkumbuke huyu ni nani!"

"Atakuja," Waitara akasema. Akakata simu yake, akamwambia mkewe, "Na hiyo zima."

Mama akaizima kwa namna yake. Akailaza kifudifudi juu ya gunia la mahindi.

Mzee Waitara alikaa juu ya gunia jingine. Mabega yalianza kutikisika. Boke alidhani analia, kumbe anacheka. Alicheka mpaka kofia ikadondoka.

"Kwa hiyo aliyeniambia niache kumfokea mama yenu ni wewe!"

"Ni mimi, tata. Nisamehe."

"Nikaacha kweli! Mama Boke, si niliacha?"

"Uliacha," mama akakubali, na yeye akaanza kucheka.

Mzee akajifuta macho. "Chuo kikifunguliwa utaondoka na gari la kwanza, usije ukaniozea mbuzi wote kwa huo mdomo. Lakini Jumapili iko mbele yetu. Mama Boke, hizi ndevu za masizi zitatuaibisha. Mkate yule beberu manyoya ya kidevu."

"Tata!" Boke akarusha kofia ya babu juu, akaidaka. Furaha ilikuwa imempanda kichwani, na mdomo ukamwendea mbio. "Yaani mimi, Boke, binti yako wa kukuzaa, niende Machochwe nikakae na saro ya Vita, nile nyama ya Radi, na Mogesi asijue kwamba alikuwa anapatana mahari na mchumba wake mwenyewe?"

Wote watatu wakaangua kicheko.

Na ile simu, iliyolala kifudifudi juu ya gunia la mahindi, ikakohoa.